Wafo ya vuli: tofaa na ngano, au ndizi na wimbi?

Neno letu vuli lina ujanja wake. Kwetu ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Wafasiri wakaliazima likawa pia jina la msimu wa Ulaya na Marekani ambao majani hupukutika, kuanzia Septemba hadi Novemba, matofaa yakivunwa na maboga yakirundikwa vibarazani. Kwa hiyo ukikutana na mapishi ya huko ya kiamshakinywa cha vuli, unachopewa ni tofaa, mdalasini na wafo ya moto inayotoa mvuke, na nje baridi inagonga dirisha. Hapa Nakuru, Kenya, hayo yote tunayaweza, hata baridi. Kisumu wana mvua tu; baridi wataisikia kwetu.

Naandika wafo, kwa o. Mwanangu aliwahi kuniandikia orodha ya dukani, mstari wa kwanza "unga wa wafu", na baba yake akauliza matanga ni ya nani. Wafo ni ile keki bapa yenye vishimo vya miraba, inayobanwa katikati ya vyuma viwili vya moto. Wengi tumeionea hotelini, imemwagiwa sharubati na malai hadi haionekani. Ninayoizungumzia hapa ni nyingine: ya nyumbani, yenye tunda ndani, na isiyokupa usingizi saa nne asubuhi.

Ulinganisho huu umetokana na ubishi. Mimi niko Nakuru, wifi yangu yuko Kisumu, na kila mmoja ana mashine yake ya umeme. Mimi hupika ya unga wa ngano usiokobolewa, ndani tofaa lililopikwa na mdalasini. Yeye hupika ya wimbi na ndizi mbivu.

"Wifi, hiyo yako ni uji uliobanwa," nilimwambia siku ya kwanza nilipoionja.

"Na yako ni mkate uliomeza tofaa," akajibu, bila kuinua macho kwenye mashine.

Tangu siku hiyo nimezipika zote mbili, katika jikoni zote mbili, na nimebadilisha mawazo mara kadhaa.

Kilichomo

Vipimo hivi vinatoa wafo nne za ukubwa wa sahani ndogo. Kikombe ni cha mililita 250.

| | Tofaa na ngano | Ndizi na wimbi |
|---|---|---|
| Unga | Ngano isiyokobolewa, kikombe 1½ | Wimbi kikombe 1, ngano kikombe ½ |
| Tunda | Matofaa 2 | Ndizi sukari 5, au ndizi kubwa 2 |
| Maziwa mala | Kikombe 1¼ | Kikombe 1 |
| Mayai | 2 | 2 |
| Mafuta | Vijiko 3 vya mezani | Vijiko 3 vya mezani |
| Kiungo | Mdalasini, kijiko 1 cha chai | Iliki, nusu kijiko cha chai |
| Beking pauda | Kijiko 1½ cha chai | Kijiko 1½ cha chai |
| Beking soda | Robo kijiko cha chai | Robo kijiko cha chai |
| Sukari | Hakuna | Hakuna |

Chumvi kidogo pande zote mbili. Maziwa mala yana kazi yake: uchachu ndio unaoiamsha beking soda, na bila uchachu soda itakuachia ladha ya sabuni. Ukikosa mala, kamulia kijiko kimoja cha mezani cha limau kwenye kikombe cha maziwa mabichi yaliyochemshwa na kupoa, ungoje dakika kumi yagande kidogo.

Maji ya tunda

Hapa ndipo zinapoachana, na hapa ndipo nilipoumia. Mara ya kwanza nilikata tofaa bichi vipande, nikavitupa kwenye rojo, nikafunga mashine. Dakika tano baadaye nikafungua. Wafo ikagawanyika: nusu ikabaki chuma cha juu, nusu chuma cha chini, na katikati uji wa moto wenye mawe ya tofaa. Nilitumia kijiti cha meno kusafisha vile vishimo, kimoja kimoja, wageni wakinywa chai tupu sebuleni.

Sababu si ngumu. Tofaa ni maji kwa takriban asilimia 86. Mashine ya wafo huivisha kwa kufukuza maji. Ule mvuke unaotoka pembeni ni maji ya rojo yakiondoka, na wafo haianzi kukauka wala kupata rangi mpaka mvuke upungue. Ukitia tunda bichi lenye maji mengi, linaendelea kuyamwaga ndani kwa ndani. Nje inaungua, ndani haijaiva. Hakuna unga wala mashine itakayokuokoa hapo.

Kwa hiyo tofaa lazima lipitie sufuria kwanza. Menya au usimenye (mimi simenyi, maganda yana nyuzinyuzi nyingi na yakikatwa membamba hayasumbui mdomoni), kata vipande vidogo kama vya kachumbari, tia maji vijiko vitatu, nusu ya mdalasini wako na limau kidogo lisigeuke rangi. Funika kwa moto mdogo mpaka lilainike, kisha funua uache likauke. Limekuwa tayari pale unapopitisha mwiko chini ya sufuria na njia inabaki wazi, haijifungi mara moja. Tofaa lina pektini, kile kitu kinachogandisha jemu, kwa hiyo likipoa linashikana lenyewe bila sukari na bila unga wa mahindi. Na lipoe kweli. Tunda la moto juu ya rojo baridi linailegeza.

Kazi hiyo ni dakika ishirini na tano hivi ukihesabu kukata, kupika na kupoza. Jumamosi, sawa. Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari la shule likipiga honi, usijaribu. Ila inaweza kufanywa usiku uliotangulia na kuwekwa kwenye friji. Siku tatu nne halina neno.

Ndizi haina hadithi ndefu. Maji yake ni kama asilimia 75, na kadiri inavyoiva ndivyo wanga wake unavyogeuka sukari na nyama yake kuwa nzito kama uji wa mtoto. Iponde kwa uma, itie kwenye rojo, kwisha. Tumia zile zenye madoa meusi ambazo watoto wamezikataa. Kama ungependa tunda lionekane, kata ndizi moja vipande vyembamba uviweke katikati ya rojo, si juu, maana sukari yake ikigusa chuma inaungua na kunata.

Kujaza wafo ya tofaa ni hivi: mimina rojo iwe nyembamba, weka vijiko viwili vya tofaa katikati ukiacha ukingo wa upana wa kidole, funika kwa rojo nyingine, kisha funga. Ukingo usipoachwa, tunda litatafuta mlango. Na usifungue kuchungulia. Mvuke ukiwa bado unatoka kwa nguvu, wafo haijashikana, ukifungua utaipasua. Yangu huchukua dakika tano hadi sita. Ya wifi, ambayo tunda limechanganyika, dakika nne au tano.

Unga

Ngano ina gluteni, na gluteni ndiyo inayoshika wafo isimomonyoke. Wimbi haina. Hiyo ni habari njema kwa mtu aliyekatazwa gluteni na habari mbaya kwa mpishi. Wifi alianza na wimbi tupu; ilitoka tamu, lakini ukiishika inavunjika kama udongo mkavu. Sehemu mbili za wimbi kwa moja ya ngano ndipo ikatulia. Anayeepuka gluteni kabisa ataacha ngano yote, aongeze yai la tatu, na akubali kula kwa uma. Na ahakikishe wimbi lake halikusagwa kwenye kinu kilichotoka kusaga ngano.

Kwa lishe, wimbi lina kitu ambacho ngano inacho kidogo tu: madini ya kalisi. Gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300. Ngano haifiki 50. Ndiyo maana tangu zamani magharibi mwa nchi uji wa wimbi ni wa mtoto anayekua na mama aliyejifungua. Kwenye nyuzinyuzi, ngano isiyokobolewa inajitetea vizuri sana, gramu kumi au zaidi kwa kila gramu 100, ilhali unga mweupe haufiki tatu. Sharti ni ile ngano ya kahawia kweli. Ukipika wafo ya tofaa kwa unga mweupe wa mandazi, itakuwa nyepesi na nzuri ya kupiga picha, lakini neno afya ulifute.

Onyo kwa wanaonunua wimbi sokoni kwa gorogoro, lile kopo la kupimia: mchanga. Wimbi hupurwa chini, na punje zake ni ndogo kiasi kwamba kokoto laini hujificha humo. Ioshe, uizungushe kwenye maji ndani ya beseni ili mchanga ubaki chini, uianike, ndipo uipeleke kusagwa. Uji hukusamehe kidogo, kwa sababu mchanga huzama chini ya kikombe. Wafo haisamehi, jino litaupata. Pia mwambie wa kinu kwamba unataka wimbi peke yake. Unga wa uji uliochanganywa na muhogo na mtama hutoa wafo inayovutika, wengine wanaipenda, mimi hapana.

Kuna jambo moja la wimbi ambalo halimo kwenye maelezo ya mashine. Rangi. Ngano inakuambia yenyewe: ikiwa ya dhahabu imeiva. Wimbi ni la kahawia tangu kwenye bakuli, kwa hiyo macho hayasaidii, na ile taa ya kijani ya mashine ni muongo. Sikiliza na utazame mvuke. Kelele ya kuchemka ikipungua na mvuke ukiwa uzi mwembamba, subiri nusu dakika nyingine, toa.

Rojo ya wimbi pia inataka kupumzika nusu saa kabla ya kupikwa, kwa sababu wimbi hunywa maji taratibu. Ukiiharakisha utahisi punje kwenye ulimi. Wifi huchanganya unga na mala usiku, mayai na ndizi na beking pauda akaviacha vya asubuhi. Joto la Kisumu linaichachusha kidogo, kama uji wa kal (ndivyo Wajaluo wanavyoliita wimbi), na hiyo ladha ya uchachu ikikutana na ndizi tamu, nakubali, ni kitu. Nakuru nikifanya vivyo hivyo haichachuki. Inalala tu usiku kucha kwenye baridi kama mwenye nyumba.

Utamu

Kosa kubwa la wafo za vitabuni si wafo, ni kinachomiminwa juu yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima, ni bora zaidi. Asali imo kwenye hesabu hiyo. Sharubati imo. Juisi imo. Sukari iliyo ndani ya tunda zima haimo. Kijiko kimoja cha mezani cha asali kina kama gramu 17 za sukari. Vijiko viwili juu ya wafo, umemaliza siku kabla ya kuvaa viatu. Najua asali ya Baringo ni nzuri. Ni nzuri kwenye kijiko cha chai.

Kwa hiyo swali ni: ipi kati ya hizi mbili inalika bila kuongezewa chochote? Ndizi. Gramu 100 za ndizi zina sukari kama gramu 12 na za tofaa kama 10. Tofauti ni ndogo, lakini ndizi imeenea rojo nzima na kila tonge ni tamu, ilhali tofaa limekaa katikati na ukingo wa wafo hauna kitu. Watoto wangu hula ya ndizi kavu wakiwa wamesimama. Ya tofaa huniuliza, "Mama, haina kitu juu?" Nimepata dawa: tofaa lililobaki kwenye sufuria nalipondaponda na mtindi usio na sukari, hiyo ndiyo ya juu. Mdalasini nao hudanganya ulimi. Chakula kinaonekana kitamu kuliko kilivyo.

Mama mkwe ana kisukari, na yeye upande wake ni mwingine. Ndizi iliyoiva hadi madoa, tena ikapondwa, hupandisha sukari haraka kuliko tofaa lenye maganda. Kwake hupika ya tofaa, nusu wafo, na yai la kuchemsha au njugu karanga pembeni, naye hupima sukari yake kama daktari wake alivyomwelekeza. "Mwanangu, hii nusu ni ya ndege," hulalamika. Huimaliza yote.

Nakuru na Kisumu si jiko moja

Tulichelewa kuligundua hili. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Kisumu, pale ziwani, ni kama 1,130. Kwetu maji huchemka karibu nyuzi 94, kwao 96. Tofaa langu kwa hiyo huchelewa kulainika kuliko likipikwa kwa wifi, dakika mbili tatu zaidi. Tofauti kubwa ni kwenye beking pauda. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo gesi hupanuka zaidi. Wifi alipokuja Nakuru akatia vijiko vyake viwili kamili kama alivyozoea, na rojo ikafura, ikafungua kifuniko cha mashine, ikashuka mezani. Wafo yenyewe ilipanda kisha ikabweteka katikati. Kile kijiko kimoja na nusu nilichoandika juu ni cha Nakuru, Molo, Eldoret. Ukiwa Kisumu, Busia au Homa Bay, weka viwili.

Kisumu ina adui wake: unyevu hewani. Wafo ya ngano iliyotoka ikiwa kavu na ya kukatika huko hulegea kabla chai haijapoa. Usiiweke kwenye sahani, maana mvuke wake wa chini utarudi ndani; iweke juu ya wavu, hata ule wa kukaushia vyombo. Ya wimbi haikuahidi kukatika tangu mwanzo, ni laini, kwa hiyo haikuvunji moyo.

Soko na mfuko

Ndizi inashinda, hata haina haja ya kubishana. Kisumu zinashuka kutoka Kisii, na Kibuye siku ya Jumapili utachagua mpaka uchoke. Wimbi liko njia nzima, Bungoma hadi Busia. Hata Nakuru, bei ya tofaa moja hunipa ndizi sukari nne, siku nyingine tano.

Tofaa, kwa upande wake, lina kichekesho. Mengi tunayouziwa hutoka Afrika Kusini, ambako mavuno huwa miezi ya mwanzo wa mwaka, hadi Mei hivi. Lile unalonunua Nakuru mwezi wa Oktoba ukijiambia unapika kitu cha vuli, lilivunwa katika vuli ya kusini miezi kadhaa iliyopita na limekaa kwenye baridi ya ghala. Si baya, matofaa yamezoea kuhifadhiwa hivyo dunia nzima. Lakini lililokaa sana huwa la unga mdomoni, na hilo ni zuri kupikwa kuliko kuliwa. Ukiliona limepunguzwa bei kwa sababu limenyauka, ndilo lako. Chagua lenye uchachu, la kijani, kama lipo. Tamu tupu likipikwa linapooza. Ngano walau ni ya jirani, maana Njoro na Narok wanailima.

Moto

Stima. Mashine nyingi za nyumbani hula wati 700 hadi 1,000. Kupika wafo nne kwa dakika ishirini na tano hakumalizi hata nusu ya yuniti moja. Gharama hiyo haitishi. Kinachotisha ni stima kupotea ukiwa na wafo ya pili ndani. Chuma cha kuweka juu ya jiko kipo, na si kitu kipya: Cornelius Swartwout wa Troy, New York, alipewa hataza ya chuma chake cha wafo tarehe 24 Agosti 1869, kabla nyumba hazijawekwa umeme. Kwenye gesi kinafanya kazi vizuri ukikigeuza kila dakika mbili. Kwenye makaa nimeshindwa kuudhibiti moto. Wafo ya ndizi iliungua upande mmoja kwa sababu ya ile sukari yake. Ya tofaa huvumilia moto mbaya zaidi, hilo nalitaja kwa haki yake.

Na kama huna mashine kabisa, rojo zote mbili huwa chapati za maji nzuri kwenye kikaango. Ya ndizi na wimbi hata haioni tofauti. Ya tofaa itabidi tunda uliweke juu, si ndani.

Matunda mengine, harakaharaka

Peasi hufuata njia ya tofaa, hupikwa muda mfupi zaidi. Embe likiwa msimu wake, lipike kidogo likauke, linakwenda na ngano. Nanasi ni tamu ila lina maji kama tofaa na halina subira. Likaange vipande mpaka liwe na kingo za kahawia, la sivyo liache. Mapera ya magharibi yana nyuzinyuzi kuliko haya yote na vitamini C ya kutisha, lakini mbegu zake zitakufukuza mezani, kwa hiyo yachemshe, uyachuje, ndipo uyatumie kama jemu. Boga, ambalo kwa Wamarekani ndilo vuli yenyewe, lipike kwa mvuke, uliponde, uliweke mahali pa ndizi kwenye wimbi. Utahitaji angalau ndizi moja ibaki kwa ajili ya utamu. Papai hapana. Tikiti usiniulize.

Basi uchague ipi

Kama una watoto wa shule, asubuhi fupi na mfuko unaohesabiwa, pika ndizi na wimbi. Inabaki laini kwenye mkebe wa chakula hadi saa saba, ina kalisi, haidai kitu juu, na inakuokolea ndizi ambazo zingetupwa. Ya tofaa ikipoa inakuwa kama ngozi. Utalazimika kuirudisha kwenye kikaango kikavu dakika moja kila upande, na shuleni hakuna kikaango.

Kama unampikia mtu anayechunga sukari yake, au una wageni na nafasi ya kukaa, pika tofaa. Ina pande mbili mdomoni, nje kavu na ndani laini yenye mdalasini, na ya wimbi haina hiyo. Usiipike kwa mtu mwenye haraka wala usiipike kwa unga mweupe.

Nilianza nikiwa na uhakika kwamba yangu ndiyo bora. Sasa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa nyumbani kwangu ni ndizi na wimbi, na ninasaga gorogoro nzima ya wimbi kila mwezi. Jumapili, hasa zile ambazo ukungu umefunika mlima Menengai na hakuna anayetaka kutoka kitandani, ni tofaa. Watoto wameshajua siku kwa harufu.

Wifi bado anasema ni mkate uliomeza tofaa. Mwezi uliopita alipokuwa anarudi Kisumu, nilimsaidia kubeba begi hadi kituoni nikashangaa uzito wake. Lilikuwa na matofaa sita ya kijani, na si mimi niliyeyatia.